Msaada jamani: tezi imelala, muuza virutubisho anasema niache vidonge

Mama Twaha
Habari zenu wadau. Niko Kawempe, miaka 41, nina kaduka ka nguo. Mwaka jana nilikuwa nachoka hadi aibu, nasinzia mteja amesimama mbele yangu, nywele zinabaki kwenye kitana, baridi naisikia na jua linawaka, nikaenda kupima damu wakasema tezi ya shingo imelala, TSH (homoni inayoiamsha tezi, ikiwa juu ujue tezi imelala) ni 38. Nikapewa levothairoksini, vidonge vya homoni ya tezi, maikrogramu 50. Miezi minne sasa sijaruka hata siku moja, juzi TSH imekuja 17, uchovu uko palepale.

Sasa dada mmoja wa kikundi chetu cha akiba anauza virutubisho, ananiambia tatizo siyo tezi ni stresi ya oksidesheni, eti mwili umeshika kutu kwa ndani, niache vidonge nitumie paketi yake miezi mitatu, 350,000/=. Hadi utafiti amenionyesha kwenye simu. Pesa niliyonayo ni ya karo. Nifanyeje?

Boda wa Bwaise
Lipa karo nyabo, kutu itasubiri 😂

Nesi_Jinja
Pole dada. Ubaya ni kwamba hajakudanganya yote, ndiyo maana amekushika. Watafiti wamewapima watu wenye tezi iliyolala wakakuta alama za kutu hiyo ziko juu, mfano malondialdehaidi, ambayo inabaki mafuta ya mwili yakiharibiwa na radikali huru, zile chembe zinazoleta hiyo kutu. Homoni ikipungua kolesteroli mbaya inapanda, nayo ndiyo inayoshambuliwa, halafu kama kinga yako ndiyo inayopiga tezi (ule ugonjwa wa Hashimoto) hapo kinga inaleta na uvimbe unaozidisha hiyo kutu. Na tezi yenyewe inatumia haidrojeni peroksaidi kutengeneza homoni, yaani kazi yake ni ya motomoto hata ukiwa mzima.

Lakini angalia kilichotangulia. Homoni haipo, rudisha homoni. Ukiacha kidonge TSH inapanda tena na hiyo kutu anayokutisha nayo haiondoki.

Niambie, kidonge unameza saa ngapi, na nini?

Mama Twaha
Asubuhi na chai ya maziwa, nikishamaliza katogo. Na vile vidonge vyekundu vya kuongeza damu nameza hapohapo vyote, nisije nikasahau.

Nesi_Jinja
Eeh bwana 🤦🏾‍♀️ Sasa tumefika. Madini ya chuma yanakikamata kidonge tumboni kisipite, na maziwa hivyohivyo sababu ya kalsiamu. Meza na maji matupu saa kumi na mbili, chai saa moja. Vya damu visogeze mbali masaa manne, wewe weka mchana. Mwambie daktari hivi ulivyokuwa unameza KABLA hajakuongezea dozi, halafu mpime tena baada ya wiki 6 hadi 8, mapema zaidi TSH haijatulia.

Mdau_Arua
Mimi nilishanunua paketi za namna hiyo, sitaki hata kukumbuka hela. Geuza kopo usome nyuma. Langu lilikuwa na madini ya seleniamu maikrogramu 200, mwani wa baharini, na biotini (vitamini ya nywele) maikrogramu 10,000. Biotini inadanganya mashine za maabara, TSH inaweza kusomeka chini ukafikiri umepona! Mimi waliniambia niache siku mbili kabla ya kutoa damu. Na mwani una iodini nyingi, tezi ya Hashimoto inaweza kuzidi kulala.

Fundi Simu
Lakini seleniamu si inasaidia tezi? Msimponde dada wa watu bure.

Nesi_Jinja
Inasaidia ndiyo, vimeng'enya vinavyozima ile peroksaidi vinaihitaji. Ila mtu mzima anahitaji kama maikrogramu 55 kwa siku, na ikizidi 400 inaweza kugeuka sumu, nywele zenyewe zinanyonyoka. Mukene (dagaa) na mayai yanakupa, na hakuna anayekudai 350,000.

Mama Twaha
Nimeshukuru sana. Leo nimemeza saa kumi na mbili, nimekaa naiangalia chai inapoa, mume ananicheka. Yule dada nimemwambia hela ni ya shule, amenuna. Sasa Ramadhani nitafanyaje na maji matupu na daku?

Nesi_Jinja
Wengi wanameza usiku wakienda kulala, masaa matatu baada ya chakula cha mwisho. Kwa hiyo sambusa za saa nne usiku ndizo utaziacha 😄 Mpange na daktari kabla mwezi haujaandama.