Newala: Mama yangu katozwa elfu thelathini kwa kaswida zilizomo kwenye memori yake mwenyewe. Hakimiliki haisemi hivyo!

Wakuu, salaam.

Nilisema nisubiri hasira ipoe ndipo niandike. Haijapoa, kwa hiyo naandika hivyo hivyo. Mods naomba msiupeleke uzi huu jukwaa la sheria ambako watausoma mawakili peke yao. Hili ni la kila mwenye simu.

Huku kusini umezuka mtindo wa watu kupita mitaani kwa jina la hakimiliki na kukusanya pesa kwa watu ambao sheria haijawagusa kabisa. Nitaeleza lililotokea nyumbani kwetu, kisha nitaeleza sheria inavyosema, kwa sababu nimeitafuta na nimeisoma.

Bimkubwa wangu anaishi Newala. Msimu wa korosho ukifika hukaa barazani anabangua, mikono imepakwa majivu ili yale mafuta ya maganda yasimuunguze. Pembeni yake kuna karedio kadogo, vile vyenye tochi na tundu la memori kadi, mnavijua. Ndani ya hiyo memori kuna kaswida, kuna mawaidha, kuna taarabu za zamani, na kuna maulidi tuliyosoma nyumbani kumwombea marehemu mzee. Zote aliwekewa na mjukuu wake anayeishi naye nyumba moja, kazitoa mtandaoni kwa bando la usiku. Isipokuwa ile maulidi. Ile nilirekodi mimi kwa simu yangu, nimekaa kwenye mkeka pamoja na wajomba zangu.

Jirani kuna kijana ana kibanda cha kurusha nyimbo, unampa flashi au memori anakujazia kwa pesa. Wakaja watu kumkagua. Huyo kijana sitamtetea, nitamrudia baadaye. Walipomaliza naye wakasikia redio inaimba upande wa pili wa uzio. Wakaingia.

"Mama, hizi nyimbo una kibali nazo?"

"Kibali cha nani wanangu? Kanitilia mjukuu wangu."

"Basi mjukuu wako ni mwizi, na wewe umepokea mali ya wizi."

Mwanamke mzima, mbele ya majirani, anaambiwa amepokea mali ya wizi kwa sababu ya kaswida! Wakataka elfu hamsini, la sivyo twende kituoni. Mama akaingia ndani akatoa pesa ya kubangulia watu korosho, wakashuka mpaka elfu thelathini. Naomba mnijibu: ni faini gani ya serikali inayopatana bei kama nyanya za gengeni? Hakuna risiti, hakuna namba ya malipo, hakuna aliyeonyesha kitambulisho cha ofisi yoyote. Kwa hiyo sitaitaja ofisi yoyote hapa, maana hata kama wametumwa sijui wametumwa na nani. Pesa wamechukua, na memori wameondoka nayo.

Sasa sheria. Tuna Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Namba 7 ya mwaka 1999, ambayo kwenye vitabu vya sheria ni Sura ya 218. Kifungu cha 12 kinazungumzia matumizi yanayoruhusiwa bila kumwomba mwenye kazi na bila kumlipa. Mojawapo ni kunakili kazi iliyokwisha kutolewa kihalali kwa ajili ya matumizi yako binafsi peke yake. Humo humo kuna kunukuu, na kuna kutumia kazi kwa mafunzo, kwa hiyo hata mwalimu anayeonyesha kipande cha video darasani ana pa kusimama. Wala Tanzania haikujitungia hili pembeni. Tumo kwenye Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, tangu 1994, na mkataba huo unaziachia nchi nafasi ya kuruhusu kunakili katika hali maalumu, mradi mwenye kazi asiharibiwe soko lake wala asiumizwe isivyo halali.

Niambieni, bibi mmoja barazani kwake na redio inayoingia kwenye kiganja kaharibu soko la nani?

Sisemi kaswida hazina mwenyewe. Zina mwenyewe. Hata mawaidha ya sheikh ni kazi inayolindwa, na haki hizo hudumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kufa kwake. Sipingi hata nukta moja ya hilo. Ninachopinga ni mtu kushika nusu ya sheria, ile ya kuadhibu, na kuificha nusu inayomlinda msikilizaji. Nusu zote mbili zilipitishwa na Bunge hilo hilo, siku hiyo hiyo.

Najua atatokea mjuaji wa kusema "lakini aliyepakua ni mjukuu, siyo bibi, kwa hiyo siyo matumizi binafsi". Nyumba moja, chungu kimoja, redio moja. Ukitaka kuita hiyo ni biashara, nionyeshe mteja na unionyeshe pesa aliyolipa.

Na ile maulidi? Hapo ndipo damu inanichemka. Rekodi ile nimeifanya mimi, nyumbani kwetu, sauti za ndugu zangu. Kama kuna mtu duniani mwenye haki na rekodi ile basi ni sisi, na wameichukua wao kwa jina la kulinda haki za waliorekodi! Simu niliyorekodia ilishakufa. Nakala iliyobaki ilikuwa kwenye ile kadi.

Wengine mtasema YouTube yenyewe inakataza kupakua. Ni kweli, masharti yao yanakataza isipokuwa pale walipokuwekea kitufe cha kupakulia. Ila tofautisheni mambo. Yale ni makubaliano kati ya mtumiaji na kampuni, na ukiyavunja kampuni inaweza kukufungia akaunti. Huo ni ugomvi wako na kampuni. Hakuna mahali masharti ya kampuni ya Marekani yanapompa mtu ruhusa ya kuruka uzio wa nyumba Newala na kutoza faini. Tena huko huko Marekani, mwaka 1984 Mahakama Kuu yao ya juu kabisa iliamua kwenye kesi ya Sony na Universal kwamba mtu kurekodi kipindi cha televisheni nyumbani ili akitazame baadaye hajavunja hakimiliki. Hiyo ilikuwa enzi ya kanda za video. Miaka yote hii baadaye sisi tunamfukuza bibi na memori kadi.

Kuna kitu kingine kinachonifanya niamini hawa watu wanatuibia mchana kweupe. Kwenye Sheria ya Fedha ya 2023 iliingizwa tozo ya hakimiliki, asilimia 1.5, kwenye vifaa vya kurekodia na kunakilia. Msingi wa tozo za namna hii unajulikana duniani, Wajerumani wanayo tangu 1965: serikali inakubali kwamba watu watanakili majumbani kwao, haiwezi kumweka askari kila chumba, kwa hiyo inachukua kidogo kwenye kifaa na kuwafidia wasanii. Uingereza walijaribu kuruhusu kunakili kwa matumizi binafsi Oktoba 2014 bila kuweka fidia yoyote, wasanii wakaenda mahakamani na Julai 2015 ruhusa ikafutwa. Maana yake fidia na ruhusa vinatembea pamoja. Huwezi kuweka tozo kwenye vifaa kwa sababu watu wananakili, halafu ukamvamia mtu huyo huyo barazani kwa kosa la kunakili. Chagueni moja.

Halafu wanaotuambia "si msikilize moja kwa moja mtandaoni, kwa nini mhifadhi" hawajawahi kuishi huku. Kuna vijiji Tandahimba na Nanyamba, na ukivuka upande wa Lindi kuna Liwale na pembezoni mwa Nachingwea, mtandao unautafuta juu ya kichuguu. Bando la mchana mtu analipigia hesabu mara mbili. Mei 2024 nyaya za baharini zinazotuletea intaneti, za EASSy na Seacom, zilipopata hitilafu, nchi nzima ililia, na aliyekuwa na kitu ndani ya simu yake ndiye aliyesikiliza. Na hata ukilipia, usidhani kimekuwa chako: mwaka 2009 kampuni ya Amazon ilifuta vitabu kwenye Kindle, vile vifaa vyao vya kusomea vitabu, za wateja waliokwisha kuvilipia, watu wanaamka kitabu hakimo. Pesa walirudishiwa, lakini kitabu kiliingiliwa ndani ya begi la mtu bila hodi. Kuhifadhi nakala yako siyo tabia ya wezi. Ni tabia ya mtu anayejua kesho mtandao unaweza usiwepo.

Sasa turudi kwa yule kijana wa kibanda, maana sitaki mtu aseme natetea uharamia. Anayejaza memori za watu kwa pesa anafanya biashara kwa kazi za wengine, na kifungu cha matumizi binafsi hakimfuniki. Anatakiwa apate ruhusa na alipe. Na wapo wakubwa kuliko yeye. Panda basi hapa Mtwara kwenda Dar, kilomita zaidi ya 500, skrini inaonyesha filamu moja baada ya nyingine mpaka Mbagala, abiria wote wamelipa nauli. Hilo ni onyesho la hadharani. Nenda kwenye baa usiku, muziki unasikika mtaa wa tatu. Nenda kwenye vibanda umiza, watu wanalipa kiingilio mlangoni. Hapo ndipo pana pesa ya msanii, na sheria imempa mwenye kazi haki ya kudai leseni kwa maonyesho ya namna hiyo. Huko wanaogopa, kwa sababu mwenye basi ana wakili na mwenye baa anamjua mkubwa fulani. Bibi anayebangua korosho hamjui mtu, basi anaendewa yeye.

Na wasanii wetu wa kusini wanapata nini kwenye hizi operesheni? Vikundi vya ngoma huku vinarekodiwa kwenye mikesha na sherehe, mtu wa mbali anakuja na kamera, video inaingia mtandaoni inaingiza hela na kikundi hakipati hata nauli. Sheria hiyo hiyo ya 1999 ina sehemu nzima kuhusu sanaa za jadi, kwamba anayezitumia kwa faida nje ya mazingira yake ya asili aombe idhini. Nani amewahi kumwona mkaguzi akimfuata mtu wa kamera kwa ajili ya sindimba ya watu? Mimi sijamwona. Elfu thelathini ya mama yangu haikwenda kwa mwimba kaswida yeyote, hilo naliapia, kwa sababu hakuna aliyeandika hata jina la wimbo mmoja.

Kinachonikera zaidi ni ukimya. Redio za jamii tunazo huku, zinatangaza bei za korosho na mikutano ya vyama vya msingi kila siku. Je, wahusika hawawezi kupata dakika kumi wakawaeleza wananchi kwamba kusikiliza nyumbani siyo kosa, kuuza ni kosa, na mkaguzi wa kweli anajitambulishaje? Wananchi wasipoelezwa, kila mwenye shati jeupe na daftari anakuwa mkaguzi.

Barua nimeshaandika. Nakala moja naipeleka ofisi ya mkuu wa wilaya, nyingine polisi, kwa sababu mtu akichukua pesa na mali bila hati wala risiti hilo ni jambo la polisi kwanza. Majirani wawili walioona wamekubali kutia sahihi. Nadai mambo mawili tu, elfu thelathini na ile memori kadi, na kati ya hivyo viwili pesa ni ya pili.

Wakuu mlioko Masasi, Mtwara mjini, Nachingwea, Ruangwa na Kilwa, kama yamewakuta andikeni hapa mtaa, mwezi, walisema nini na walichukua kiasi gani. Msiweke jina la mtu wala namba ya simu ya mtu, nataka tuone kwanza ni kundi moja au ni wengi. Na wakija kwako kabla sijapata majibu: omba kitambulisho, omba kuandikiwa kifungu ulichovunja, omba namba ya malipo ya serikali, pesa usitoe mkononi. Wakisema twende kituoni, kubali, twendeni. Piga simu mtu wako mmoja akutangulie huko.