Land Cruiser 80 imeinuliwa mm 50: fimbo ya Panhard ya kuchomelea mwenyewe inawezekana?

Vumbi80
Wakuu habari. Springi mpya zimeinua gari mm 50, ekseli ya mbele imehamia upande mmoja. Fimbo ya Panhard (inayozuia ekseli isihame kushoto au kulia) ina mm 850 toka bolti hadi bolti. Tofauti ya kimo kati ya ncha zake ilikuwa mm 80, sasa ni 130, na hesabu inanipa kuhama kwa mm 6. Nataka kutengeneza fimbo inayorekebishika urefu. Nina inveta ya ampea 140, nimezoea mageti na madirisha kwa rodi za 6013. Dukani nimepewa bomba la maji la galvanaizi, nchi moja na robo, unene mm 3.2. Linafaa? Na nitajuaje kuwa mshono ni salama kabla ya kuufunga kwenye gari?

Kerezo
Bomba hilo lirudishe. Limetengenezwa kwa ajili ya maji, nalo lina mshono wa kiwandani ndani yake. Zinki ikiungua inatoa moshi mweupe unaoleta homa usiku, na mshono unajaa vitundu. Tafuta bomba la haidroliki lisilo na mshono, kipenyo cha nje mm 38, unene mm 6. Kama fimbo ya asili ina kona, usipunguze unene hata kidogo: fimbo iliyonyooka inasukumwa na kuvutwa tu, yenye kona inapindwa pia kila tairi inapogonga shimo.

6013 iache kwenye mageti. Inaweka mshono mzuri wa macho, ila haizami sana. Chukua rodi ya 7018 ya mm 3.2, kishikio kwenye chanya, ampea 110 hadi 125. Inveta yako inafika hapo, ila si kwa waya mwembamba wa mita 30. Umeme ukishuka, rodi inanata kila ukiigusa. Rodi ziwe kavu. Pakiti iliyokaa wazi kwenye unyevu inaingiza haidrojeni kwenye chuma, na ufa unaweza kutokea kesho yake wakati jana mshono ulikuwa safi. Zioke kwa joto lililoandikwa kwenye pakiti. Oveni ya mikate kwa kawaida haifiki.

Tupa_na_Msasa
Kuhusu kupima. Chukua mabaki ya chuma kilekile, unene uleule. Simamisha kipande kimoja juu ya kingine kama T, chomelea upande mmoja tu, kiache kipoe chenyewe, kisha kibane kwenye jiliwa ukigonge kwa nyundo kuelekea upande wenye mshono hadi kilale au kivunjike. Kikivunjika, angalia kwenye kona ya ndani: ukiona mstari mweusi laini, na makali ya chuma bado yana alama za grenda, moto haukufika huko. Umeweka chuma juu ya chuma, basi.

Kipande cha pili kikate katikati kwa msumeno, kilainishe kwa tupa na msasa namba 400, upake feriki kloraidi, ile ya mafundi wa elektroniki. Utaona kwa macho mshono umezama wapi. Vipande vitatu mfululizo vikipita, ndipo uguse fimbo.

Na tafadhali, usisafishe chuma kwa dawa ya breki yenye klorini kisha ukachomelea. Moto unaigeuza kuwa gesi ya fosjini, inaua. Tumia asetoni, iache ikauke kabisa.

Vumbi80
Asante sana. Jicho la bushi (pete ya ncha ya fimbo inayobeba mpira) je? Na mikono ya mbele inayoshika ekseli, naweza kuikata nirudishe pembe ya kasta (mlalo wa mhimili ambao tairi hukatia kona)?

Kerezo
Mikono usiikate. Mwinuko wa mm 50 unapoteza nyuzi 2 hivi za kasta, na bushi za kurekebisha kasta zinauzwa tayari.

Jicho lichomelee bila bushi ndani, mpira hautapona. Pete ikipata moto upande mmoja inakuwa yai, kwa hiyo acha nusu milimita ndani, umpelekee fundi wa kukereza aimalizie baada ya kupoa. Kipande chenye nyuzi za bolti ya kurekebisha kiingie ndani ya bomba. Toboa matundu mawili ya mm 12 kwenye bomba na uyajaze, pamoja na mshono wa kuzunguka mdomo. Mdomo wa bomba uchongwe mteremko wa nyuzi 30. Weka nukta nne kwanza, kisha choma robo kwa robo za kukabiliana. Wakati wote huo bolti chakavu iwe imefungwa humo, la sivyo nyuzi zitajikunja. Bolti ya kurekebisha iingie angalau mara moja na nusu ya kipenyo chake, na nati ya kufungia ikazwe.

Tupa_na_Msasa
Naongeza: ukichomelea chochote kwenye ekseli au chesisi, toa waya wa betri, na klempu ya ethi ikae sentimita chache kutoka unapochoma. Ikikaa mbali, umeme unapita kwenye beringi na kuzitoboa vidoti. Bolti za bushi zikaze gari likiwa limesimama kwa matairi yake, sio juu ya jeki. Fimbo ipake primeri nyeupe, koti moja jembamba, ili ufa ukianza uone mstari wa kutu. Baada ya kilomita 500 kaza tena, ukague kando ya kila mshono kwa tochi.