Ribosomu: mbona protini ziingie kwa kiini halafu zitolewe tena? Naomba ushauri

Wanja_wa_Baiolojia: Wadau habari za jioni. Niko mwaka wa pili hapa Nairobi na Ijumaa tuko na CAT (ule mtihani mdogo wa katikati ya muhula). Lekchara alisema protini za ribosomu, ile mashine ya seli inayotengeneza protini, hutengenezwa nje ya kiini cha seli, zinaingizwa mpaka ndani ya nukleoli (ile sehemu nzito ndani ya kiini), zinaunganishwa na RNA (uzi unaonakiliwa kutoka kwa jeni), kisha mzigo wote unarudishwa nje. Si wangeunganisha huko huko nje? Nimechora mara tatu kwa daftari na mishale bado inagongana, nisaidieni tafadhali.

MamaLab: Pole mdogo wangu. Anza na RNA, hizo protini ziache kwanza. Jeni za hiyo RNA ziko ndani ya kiini na hazitoki, na uzi wake ni mrefu sana ukiachwa peke yake unajikunja vibaya, ndio maana protini zinaudaka ukiwa bado unanakiliwa. Kwa binadamu unaanza kama 47S (S ni kipimo cha jinsi kipande kinavyozama kikizungushwa kwa mashine), unakatwakatwa hadi upate 18S, 5.8S na 28S. Ile 5S, kipande cha nne cha RNA ya ribosomu, inanakiliwa nje ya nukleoli na polimerasi III (kimeng'enya cha kunakili RNA), hapo soma vizuri.

Fundi_wa_Seli: Na usichore ribosomu nzima ikipita mlangoni!! 40S (kipande kidogo cha ribosomu) inatoka kivyake na 60S (kipande kikubwa) kivyake, kupitia vile vitundu vya kiini. 60S inasindikizwa na CRM1, protini ya kusafirisha mizigo nje ya kiini, lakini CRM1 inamshika NMD3, protini nyingine ambaye ndiye amekalia 60S. Wakifika nje NMD3 anashuka.

Wanja_wa_Baiolojia: Aaah kumbe! Sasa nini inazizuia zisishikane zikiwa bado ndani?

Fundi_wa_Seli: Protini inaitwa eIF6. Imekaa pale pale kwa 60S ambapo 40S ingeshika, na inatolewa nje tu. Kwangu hii ndio sehemu tamu kuliko zote, seli haikubali kazi ianze kabla mashine haijakamilika.

MamaLab: Isome kwa moyo dadangu, si ya CAT pekee. Kuna watoto huzaliwa na anemia ya Diamond-Blackfan, wengi jeni moja tu ya protini za ribosomu imeharibika, inayopatikana zaidi ni RPS19, na uboho unashindwa kutengeneza chembe nyekundu za kutosha. Protini moja kati ya kama 80. Chora tena, mishale ya kuingia rangi moja na ya kutoka nyingine, uweke picha hapa tukuangalilie.

Wanja_wa_Baiolojia: Nachora sasa hivi, nipeni nusu saa.