Nimeuziwa sarafu ya "manowari" iliyopigwa miaka miwili BAADA ya meli kuzama!

Wakuu habari zenu, zangu si nzuri. Huu uzi ni wa malalamiko na nina hasira, kama umekuja kucheka pita uzi mwingine kwanza.

Kuna jamaa anauza sarafu za kale na kumbukumbu za manowari za matanga huko kwenye magrupu, jina silitaji. Aliposti sarafu ya kale ya Hispania inayoitwa riali nane, ya madini ya fedha, mwaka 1783, sura ya mfalme Carlos wa tatu, nikamuuliza hii ya El Cazador? Fasta akajibu "ndiyo mkuu, na cheti ipo." Kwa wasioijua, El Cazador ilikuwa meli ya kivita ya Hispania, ilitoka Veracruz mwezi wa kwanza 1784 inapeleka fedha New Orleans ikapotelea njiani, mpaka 1993 wavuvi wa Marekani wanavuta wavu wakakuta sarafu. Zile ziliuzwa kihalali, zipo kibao sokoni, kwa hiyo hapakuwa na cha kushtua. Nikatuma laki tatu na nusu.

Mzigo umefika, sarafu ya 1806! Siyo ya kwenye picha hata kidogo, mfalme mwingine, na cheti chenye muhuri wa dhahabu kinasema imetoka Nuestra Señora de las Mercedes, manowari nyingine ya Hispania. Jamani. Mercedes ililipuka tarehe 5 Oktoba 1804 nje ya pwani ya Ureno, iliposhambuliwa na manowari za Waingereza wakati hata vita havijatangazwa, wakafa watu kama 250. Sasa sarafu ya 1806 iliingiaje humo, ilipiga mbizi? Nikamuuliza, jibu lake nawawekea kama lilivyo: "zamani miaka walikuwa wanahesabu tofauti."

Na hata ingekuwa ya 1803 bado ni uongo, maana mzigo wa Mercedes hauuzwi. Kampuni ya Marekani, Odyssey, iliuopoa 2007, sarafu zaidi ya laki tano, Hispania ikaenda mahakamani Florida ikasema hiyo ni meli yetu ya kivita na hatujawahi kuitelekeza, ikashinda. Februari 2012 tani kama 17 zikapakiwa kwenye ndege za jeshi zikarudi Hispania, nyingi ziko makumbusho ya Cartagena. Peru nao walidai kwa sababu fedha nyingi ilitoka kwao na kupigwa Lima, wakatoka kapa. Yaani serikali nzima ya Peru imekosa, wewe wa grupu la WhatsApp ndo umepata??

Nikaipeleka kwa sonara Kariakoo. Gramu 21 na pointi, wakati riali nane inatakiwa kama 27. Ya baharini inaliwa na chumvi sawa, lakini ikiliwa inakuwa na vishimo, hii uso umejaa safi imesuguliwa weusi tu. Ukingoni, ambako ya kweli ina urembo wa duara na mstatili vinafuatana, hii ina mstari wa kalibu umezunguka kote kama chupa ya plastiki. Sumaku ikaidaka, wakati fedha halisi haidakwi na sumaku. Sonara alicheka mpaka akavua miwani, hata hela ya kupima hakutaka.

Na bado anaendelea!! Anauza "medali ya shaba ya Foudroyant, meli ya Nelson iliyozama Trafalgar." Foudroyant haikuwepo kabisa kwenye vita vya baharini vya Trafalgar vya 1805, Nelson, yule admirali wa Uingereza, pale alikuwa kwenye meli ya Victory. Foudroyant ilitupwa na dhoruba ufukweni Blackpool Juni 1897, ndo shaba na mbao zake zikatengenezewa medali na fanicha. Medali za kweli zipo na wala si ghali kivile, sasa unadanganya ya nini wakati ukweli wenyewe unauzika?

Juzi tena kaposti "misumari ya manowari ya Mreno, Mombasa." Hiyo ni Santo António de Tanná, ilizama 1697 mbele ya Fort Jesus wakati Waomani wameizingira ngome, wapiga mbizi wakaanza kuichimbua 1977 na vitu vyake viko makumbusho ya hapo hapo ngomeni. Kwa hiyo ama ni feki ama ni ya wizi. Nimemuuliza ni ipi kati ya hizo, kanibloku.

Nataka hela yangu. Skrinishoti ninazo zote, muamala, picha ya 1783 na chati nzima. Aliyewahi kurudishiwa na tapeli wa aina hii aniambie alianzia wapi, polisi au kampuni ya simu, na wengine mliopigwa na huyo huyo njooni inboksi tuunganishe ushahidi.