Naomba ushauri: mwembe wangu, komba wake na majirani wa wakati wa korona

Mkazi wa Goba: Ndugu zangu, nimekwama. Tangu shule zilipofungwa mwezi Machi 2020, siku moja baada ya kutangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, watoto wa mtaa wetu wamekuwa wakitoka kila magharibi, kila familia na mkeka wake mbali na wenzao, kuwatazama komba kwenye mwembe wangu. Majirani ambao kwa miaka sita tulikuwa tukipungiana mikono tu, sasa tunajuana kwa majina, na anayekaanga maandazi huwapelekea wengine. Mwembe unakatwa Jumamosi. Nitawaelezaje bila kuvunja ujirani?

Mwana wa Mgema: Umenikumbusha mbali. Babu yangu alikuwa mgema huko Mkuranga, na asubuhi nyingine alikuta tembo limepungua kwenye kibuyu na komba amelala chini ya mnazi, hana habari. Ndiyo maana Pwani mtu husemwa amelewa kama komba. Babu hakumpiga kamwe. Alimsogeza kivulini, akaendelea na kazi.

Dada wa Tabata: Mikusanyiko ya mikekani nayo ni mikusanyiko. Ningefurahi kusikia kwamba hapo getini pana ndoo ya maji tiririka na sabuni kabla ya kusikia habari za maandazi.

Fundi Mstaafu: Ndoo iwepo, lakini mti haujikati. Nani ameamua ukatwe?

Mkazi wa Goba: Ni mimi. Nilikuwa dereva wa watalii, na safari za ndege za kimataifa ziliposimamishwa mwezi Aprili, mwajiri alituambia tukae nyumbani bila mshahara. Mchoma mkaa amenipa shilingi 180,000, na 70,000 kati ya hizo nimeshanunua mchele na umeme. Isitoshe, matawi yameulalia ukuta. Kiwanja ni changu, mti ni wangu, na komba hawakosi pa kwenda.

Msomaji Makini: Mimi nina shaka kwamba kisa hiki kimetungwa. Dar es Salaam hatukufungiwa ndani kama wenzetu wa Kampala. Masoko, misikiti na makanisa yalibaki wazi, na daladala zilitembea kwa level siti, yaani abiria waliokaa tu. Tena komba wafuate nini kwenye mwembe mwezi Juni, ilhali msimu mkubwa wa maembe ni kuanzia Novemba?

Mkazi wa Goba: Sikusema tulifungiwa, kaka. Tulikaa nyumbani kwa sababu kazi haikuwepo na watoto hawakuwa na shule. Komba haishi kwa maembe peke yake: hulamba utomvu kwenye gome, na kumbikumbi walipotoka wakati wa masika, alikuwa akiwadaka hewani kwa mikono miwili. Kabla ya kuruka hujikojolea viganjani, kisha hujisugua nyayo. Binti yangu ndiye aliyeliona hilo kwanza. Juzi jike alikuja na mtoto mdomoni, akamweka kwenye panda la tawi, akamwacha hapo na kwenda kutafuta chakula. Mtoto yule alishikilia gome bila kutikisika, nasi sote mikekani tukanyamaza mpaka mama yake aliporudi.

Msomaji Makini: Naomba radhi. Lakini Jumamosi mtoto huyo atakuwa wapi?

Mwana wa Mgema: Amchukue amfuge ndani.

Fundi Mstaafu: Hapana. Kumkamata mnyamapori bila kibali ni kosa kwa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mtoto anayenyonya hatapona kwenye boksi. Mkazi wa Goba, mrudishie mchoma mkaa 110,000 leo hii, umpe matawi yanayolalia ukuta, na ile 70,000 uliyotumia waombe majirani wakukopeshe kwa kugawana. Watoto wanarudi shule tarehe 29. Mkeka wa mwisho usiwe wa kutazama kisiki.

Mkazi wa Goba: Naona haya kuwaomba fedha watu niliowajua juzi tu.

Dada wa Tabata: Wanaokupelekea maandazi wanajua kwamba huna kazi. Hata mimi ningejua.

Mkazi wa Goba: Nimempigia mchoma mkaa, amekubali kusubiri hadi Ijumaa. Kisha nimemtuma binti yangu nyumba ya pili akamwite mzee, ambaye ndiye hufika wa kwanza kila magharibi. Amekuja na kiti chake.