Naomba ushauri: kanvasi yangu ya mifano ya mishono imepinda kabla sijafika katikati

Mraba_kwa_Mraba (mwanzisha mada)

Salaam kwenu nyote. Kudarizi kwenye kitambaa nimekuzoea, lakini hii ni mara yangu ya kwanza kushona kwenye kanvasi ya matundu, na nimefika mahali ambapo sijui kama niendelee au nifumue.

Nilichokusudia ni kazi ndogo ya visanduku 9 katika safu 3, kila kisanduku na mshono wake, ili nione kwa macho yangu namna kila aina ya uzi inavyolala. Kanvasi ni ile ya nyuzi 18 kwa inchi, ufumaji wa kawaida. Kila kisanduku kina nyuzi 20 kwa 20, na kati yao, pamoja na ukingo wa nje, nimeacha nyuzi 2 kwa ajili ya mistari ya kugawa. Jumla ni nyuzi 68, yaani takriban sentimita 9.6 kila upande, na kipande nilichokata kina sentimita 20, kwa hiyo pembeni pamebaki nafasi ya kutosha.

Nimemaliza visanduku 4. Cha kwanza ni mshono wa skochi, ile miraba midogo ya mshazari ya nyuzi 4 kwa 4 za kanvasi, kwa uzi wa pamba nikitumia nyuzi 4 kati ya zile 6 nyembamba zinazouunda, nao umefunika vizuri. Cha pili ni mozaiki, yaani miraba ya mshazari iliyo midogo zaidi, kwa sufu. Cha tatu ni Gobelin ya wima, yaani mistari ya mishono iliyosimama wima, kwa pamba ileile na nyuzi zilezile 4, na hapo kanvasi nyeupe inachungulia kati ya kila mshono na mwenzake. Cha nne nimejaza mshazari mdogo mdogo kwa uzi wa zari, nao umechambuka na kutoa manyoya hata kabla sijamaliza mstari wa tatu.

Jambo linaloniumiza zaidi ni kwamba kazi nzima imelala upande. Nilipopima kutoka pembe hadi pembe, ulalo mmoja umezidi mwenzake kwa milimita 6. Nilishona nikiishika mkononi, bila fremu. Tena kisanduku cha katikati nilitaka kiwe mshono wa Norwich, ule mraba wa mishono mirefu inayopandana na kufumana, mmoja mkubwa wa nyuzi 20, na nimeujaribu mara tatu pembeni, lakini kila mara unaharibika mwishoni. Mistari ya kugawa bado sijaishona, kwa kuwa nilipanga iwe ya mwisho. Naomba mnielekeze: nifumue vyote, au kuna kinachookolewa?

Sindano_Butu

Pole sana, dada. Usifumue kitu chochote kabla hujaifunga kanvasi kwenye fremu ya mbao nne na kuibana kwa pini kuzunguka pande zote, ukianzia katikati ya kila upande na kuelekea kwenye pembe. Huenda ukagundua kwamba nusu ya milimita hizo 6 zimerudi zenyewe.

Mtande_na_Mshindio

Naungana na aliyetangulia kuhusu fremu, ila fremu peke yake haielezi kwa nini kazi imepinda, na usipoijua sababu utapinda tena kwenye kisanduku cha tano.

Kila mshono wa mshazari unavuta njia panda ya kanvasi, pale ambapo uzi wa mtande, ule unaokwenda wima, unakutana na uzi wa mshindio, ule unaokwenda mlalo. Mishono ikiwa yote inaelekea upande mmoja, mivuto hiyo midogo inajumlishana mpaka mraba unakuwa umbo la kishada. Geuza kazi yako uangalie mgongo wa kile kisanduku cha zari. Nadhani utaona vijiti vifupi vilivyosimama wima tu, na hiyo ni dalili kwamba umeshona nusu msalaba, ambao huku nyuma hauna kitu cha kuishikilia kanvasi. Mshono wa kikapu unaonekana sawasawa kabisa kwa mbele, lakini unashonwa kwa mistari ya mshazari, mmoja wa kushuka na mwingine wa kupanda, na mgongoni nyuzi zinapishana kama ukindu wa mkeka, zikiishika kanvasi kwa mtande na kwa mshindio. Unakula uzi mwingi zaidi, nami naona unastahili kila sentimita unayoitumia.

Kwa kuwa kanvasi yako ni ya ufumaji wa kawaida, itazame kwa karibu utaona kwamba kwenye njia panda moja mtande uko juu, na kwenye inayofuata mshindio ndio ulio juu, zikipokezana. Mstari ambao mtande uko juu ushone ukishuka, na mstari ambao mshindio uko juu ushone ukipanda. Ukiuchanganya utaratibu huo, mistari miwili inayofuatana itakwenda upande mmoja, na mwanga ukipiga utaona mfereji mwembamba usioondoka. Kabla ya yote hakikisha umeishika kanvasi ile pindo yake ya kiwandani ikiwa upande wa kushoto au wa kulia, maana ukiigeuza, mtande unakuwa mshindio na kanuni yote inapinduka.

Sasa kuhusu skochi. Miraba yako ni ya nyuzi 4, na 20 inagawanyika kwa 4 mara 5, kwa hiyo una miraba 25. Nakushauri uifumue ile 12 tu, mmoja baada ya kuruka mwingine kama ubao wa drafti, uishone tena ikielekea upande wa pili. Hapo 13 itavuta huku na 12 itavuta kule, na kisanduku kitakaribia sana kusimama wima. Faida nyingine ni kwamba uzi wako wa pamba, ambao una mng'ao kidogo, utapokea mwanga kwa namna mbili, na kutoka mbali mtu atadhani umetumia rangi mbili za karibu.

Mng'ao

Mimi nizungumzie nyuzi zenyewe, maana kisanduku chako cha tatu kimekupa jibu zuri ambalo pengine hujaliona. Uzi uleule, wingi uleule, umefunika kwenye skochi na haukufunika kwenye Gobelin. Mshono wa mshazari unaikata kanvasi na kuzifunika nyuzi zake kwa pembe, ilhali mshono wa wima unalala sambamba na mtande, nao mtande unachungulia kwenye kila upenyo. Ndiyo maana mishono ya wima inataka uzi mnene kuliko ya mshazari kwenye kanvasi hiyohiyo. Kwa nyuzi 18 kwa inchi, pandisha pamba yako hadi nyuzi zote 6, au tumia ule uzi wa pamba uliosokotwa wa namba 5, ambao unalingana vizuri na kanvasi hiyo.

Ukitumia nyuzi 6, usizivute kutoka kwenye fungu zikiwa pamoja ukazitia kwenye sindano. Zitenganishe, uchomoe mmoja mmoja, kisha uziunganishe upya. Zikitoka kwenye fungu zikiwa pamoja zinakuwa zimekumbatiana, lakini zikitenganishwa zinajaa zaidi na kulala bapa. Wakati wa kukaza kila mshono, pitisha ncha ya sindano nyingine kubwa chini ya nyuzi hizo, uzitandaze ubavu kwa ubavu zikiwa zinashuka kwenye tundu. Kazi inakuwa ya taratibu, lakini kwa Gobelin hakuna njia ya mkato inayofanana nayo.

Zari inachambuka kwa sababu inasuguliwa kila inapopita kwenye tundu. Kata vipande vifupi, visizidi sentimita 40, kisha tumia sindano namba 20, ambayo ni nene zaidi, badala ya 22 unayotumia kwa pamba, ili sindano ilipanue tundu kabla zari haijapita. Kwenye fremu, ingiza sindano na uitoe kwa miendo miwili, mkono mmoja ukiwa chini. Usikusanye mishono kwenye sindano kama unavyofanya kwenye kitambaa kilicho mkononi. Uzi ukianza kujipinda, uache uning'inie na sindano yake mpaka utulie. Kisanduku hicho kifumue chote, na zari iliyokwisha kushonwa usiirudie.

Koja_la_Uzi

Kwa heshima ya mwenzangu Mng'ao, Gobelin haihitaji kufumuliwa bila kwanza kujaribu kitu kingine. Wapo tunaotandika uzi mmoja mrefu wa rangi ileile kufuata urefu wa mstari, kisha mishono ya wima inapita juu yake na kuufunika, nao unaijaza mianya kutoka chini. Siku hizi wengi wameiacha mbinu hiyo, lakini kwenye mistari mirefu ya wima inasaidia sana.

Mng'ao

Ni kweli, na kwa kisanduku kipya ningekubaliana nawe. Ila mishono yake imekwisha kukaa, na kuupenyeza uzi chini ya mishono iliyokazwa kutaisukuma huku na huku. Bado nasema afumue, kisha akitaka atandike ndipo ashone upya.

Hesabu_Kwanza

Dada, shida yako ya Norwich haipo mikononi, ipo kwenye namba. Mshono huo unataka mraba wenye idadi witiri ya nyuzi, kama 5, 7 au 9, na 20 ni shufwa, ndiyo maana unaharibika mwishoni kila mara. Tena hata ungekuwa 19, mishono mirefu kiasi hicho ingelegea na kukwama kwenye kila kitu.

Shona minne midogo ya nyuzi 9 kwa 9, miwili juu na miwili chini, ikitumia matundu ya pamoja pale inapokutana. Tisa na tisa ni 18. Zinabaki nyuzi 2, yaani 1 kila upande, na hiyo unaizungushia mstari mmoja wa mshazari mdogo. Kisanduku kinajaa nyuzi 20 kamili. Tumia uzi mwembamba kidogo kuliko wa Gobelin, kwa kuwa mishono ya Norwich inapandana na uzi mnene utafanya kifundo. Mwishoni, ule mshono wa mwisho unapitishwa chini ya ule uliotangulia kulala upande huo, na si juu yake. Hapo ndipo ule ufumaji unapojitokeza.

Na tafadhali shona mistari ya kugawa sasa hivi, usiiache mwisho. Kosa la kuhesabu uzi mmoja litajionyesha siku hiyohiyo mistari itakapokataa kukutana. Usiichore kwa penseli, kwa sababu unga wake hupanda kwenye nyuzi nyeupe na kuzifanya za kijivu.

Sindano_Butu

Niongeze neno kuhusu kufumua, kwa kuwa naona linamtia huzuni. Katika jumba la makumbusho la Victoria and Albert, London, kuna kitambaa cha mifano cha Jane Bostocke cha mwaka 1598, kazi ya Kiingereza ya aina hiyo ya zamani zaidi inayojulikana ambayo imeandikwa mwaka wake. Hata humo kuna mchoro uliofumuliwa, na alama zake bado zinaonekana.

Fumua kwa kukata mishono upande wa mbele kwa mkasi mdogo, vipande vifupi, kisha vivute kwa kibano upande wa nyuma. Usivute uzi mrefu kupitia matundu, utailegeza kanvasi.

Mraba_kwa_Mraba

Nawashukuru sana, nyote mmenifungua macho. Nimefunga fremu jana, na tofauti ya ulalo imeshuka kutoka milimita 6 hadi 4. Mgongo wa zari ni kama alivyosema Mtande_na_Mshindio, vijiti vya wima vitupu. Pembeni nimejaribu Norwich wa nyuzi 9 na umekubali mara ya kwanza. Nilipoupitisha ule mshono wa mwisho chini ya mwenzake, pembe nne zilijifunga zenyewe kama kikapu kidogo. Leo naanza mistari ya kugawa. Swali langu la mwisho: zile milimita 4 zilizobaki, naweza kuzinyoosha kwa maji baada ya kumaliza? Sufu yangu ni nyekundu.

Mtande_na_Mshindio

Kwanza lowesha kipande cha sufu hiyo, ukibane kwenye kitambaa cheupe mpaka kikauke. Kikiacha hata waridi hafifu, maji usiyaguse. Kisipoacha, nyunyizia upande wa nyuma unyevu kidogo tu, kwa sababu kanvasi inasimama kwa wanga wake na maji mengi yanaulegeza. Ivute pole pole kwa ule ulalo mfupi, ibane juu ya ubao uliochorwa miraba kwa pini zisizoshika kutu, moja kila baada ya sentimita 2, ukipita kwenye ukingo usioshonwa. Iache ilale bapa, mbali na jua, na usitoe pini hata moja mpaka mgongo wake ukauke kabisa.