Tupeane uzoefu: dogiwudi (vichaka vya dogwood) za huku Marekani mnazitofautishaje?

Wakuu habari zenu. Nawauliza mlioko Minnesota na majimbo ya jirani, hasa tunaobangaiza na kazi za bustani. Mwaka wangu wa kwanza nilitumwa nikafyeke bakithoni (buckthorn), kile kichaka kilicholetwa toka Ulaya kama uzio wa nyumba halafu kikavamia misitu, basi nikafyeka na dogiwudi za mwenye nyumba mstari mzima maana zote mishipa ya jani inapinda kufuata ukingo. Nikakatwa hela. Nyie mnazijuaje?

mchapakazi
Pole sana mkuu. Chuma jani, likate katikati kwa kulivuta taratibu, kama ni dogiwudi kipande cha chini kitabaki kinaning'inia kwa vinyuzi vyeupe kama utando wa buibui. Mzee mmoja alinionyesha nikajua ni mazingaombwe. Bakithoni haina hiyo, na ukingo wa jani lake una vijimeno, dogiwudi hauna.

shangazi_wa_Ohio
Hayo ya majani sawa, je wakati wa baridi? Mie nilibishana na shemeji yangu wiki nzima, kaona fito nyekundu kasema ndo ile dogiwudi nyekundu inayong'aa kwenye theluji, mie nikamwambia hii ni dogiwudi nyingine, imeelekea zambarau bwana. Tukapasua kijiti kwa kisu, kiini cha kahawia. Ile anayoisema yeye kiini chake cheupe na matunda meupe. Akagoma. Kufika mwisho wa Agosti kichaka kikatoa matunda ya bluu, shemeji kimyaaa.

kibarua
Mmesahau dogiwudi ya kijivu. Nayo matunda yake meupe ila vikonyo ni vyekundu, ndege wakishamaliza kula vile vikonyo vinabaki kichaka kizima utadhani kimechanua upya. Mimi naijua kwa hivyo tu, mengine sina muda nayo.

mchapakazi
Na mliokariri kwamba majani ya dogiwudi lazima yatoke mawili mawili yakitazamana, kuna moja itawaumbua, yake yanapishana, yanasongamana kwenye ncha ya tawi, na matawi yamekaa ghorofa ghorofa. Matunda bluu iliyokolea karibu na nyeusi. Niliwahi kuikataa mbele ya bosi, aisee nilicheka peke yangu baadae.

Mleta mada
Nimetoka na tochi saa hii nikavuta jani la kichaka cha nyuma ya gereji. Nyuzi hizo hapo. Na Jumamosi nilikuwa nakikata.